Chungu na penseli: udongo uleule, moto uleule

Mwaka juzi nilimpeleka mwenzangu wa darasani, mtu wa fizikia, kwenye maonyesho madogo ya sanaa hapa Dar es Salaam. Katikati ya chumba, juu ya vimeza vyeupe, kulikuwa na sanamu na vyungu vilivyofinyangwa kwa mkono. Ukutani kulikuwa na michoro ya penseli, ile iliyochorwa unywele kwa unywele mpaka unasogeza pua kuhakikisha si picha ya kamera. Mwenzangu akazunguka mara moja, akarudi, akaninong'oneza: "Michoro sawa, hiyo ni kazi. Lakini hivi vyungu si kama vya bibi yangu tu?"

Sikumjibu. Ukweli ni kwamba lile swali liliniuma, maana wakati huo nilikuwa nimetoka kumaliza shahada ya uzamili juu ya udongo, na kuna deni fulani linalohusu bibi na chungu ambalo nilikuwa bado sijalilipa. Nitakusimulia mbele. Kwanza nikuonyeshe kitu ambacho mwenzangu hakukiona, na hata mimi nilichelewa kukiona: kile chungu cha katikati na ule mchoro wa ukutani ni ndugu, kwa maana ya kikemia kabisa.

Ili tuwe na mfano wa kushika, tumchukue msanii mmoja anayejulikana dunia nzima kwa vyungu vya mkono, Magdalene Odundo. Alizaliwa Nairobi mwaka 1950, akasoma sehemu ya utoto wake India na sehemu Mombasa, kisha akajifunza sanaa ya michoro ya matangazo kule Kabete. Yaani alianza na karatasi na kalamu, si udongo. Mwaka 1971 akaenda Uingereza kuendelea na masomo, na huko ndiko udongo ulikomnasa. Leo vyungu vyake viko kwenye makumbusho makubwa kama British Museum, na mwaka 2019 vilifanyiwa maonyesho makubwa kwenye jumba la sanaa la The Hepworth Wakefield, zaidi ya vyungu vyake 50 vikiwa vimewekwa pamoja na vitu vya kale na kazi za wasanii wengine alizozichagua mwenyewe. Ukiviona, vina tumbo la duara na shingo ndefu inayopinda kidogo, kama mtu aliyegeuka aliposikia ameitwa. Vingine ni vyekundu vya rangi ya machungwa, vingine vyeusi tii, na vyote vinang'aa kama vimepakwa mafuta. Havijapakwa mafuta. Wala vanishi.

Tuanze hapo basi: kinachong'aa ni nini?

Karata zilizolowa

Udongo wa mfinyanzi si vumbi tu lililolowa maji. Jiwe kama granaiti likipigwa na mvua na joto kwa muda mrefu mno, sehemu ya madini yake huoza kikemia na kugeuka madini mapya laini. Mojawapo linaitwa kaolini. Huna haja ya kwenda mbali kulitafuta: vilima vya Pugu, hapo nje ya jiji, vina akiba kubwa ya kaolini nyeupe. Udongo wa kawaida wa kufinyangia huwa na kaolini au binamu zake, ukichanganyika na mchanga, chembe za chuma na mabaki ya majani.

Ukiitazama kaolini kwa hadubini ya elektroni huoni punje za mviringo kama za mchanga. Unaona visahani bapa, vingi vikiwa na pembe sita, vimelaliana kama karata ambazo mtu amezimwaga mezani. Ni vidogo sana, kwa kawaida chini ya mikrometa 2. Unywele wako una unene wa mikrometa 70 hivi, kwa hiyo piga hesabu.

Sasa chukua vioo viwili, weka tone la maji katikati, uvibane. Vinateleza kimoja juu ya kingine bila shida, lakini kuvitenganisha kwa kuvuta ni kazi. Udongo uliolowa ni mamilioni ya vioo vya namna hiyo. Ukiusukuma, visahani vinateleza. Ukiuacha, utando wa maji unavishika palepale. Ndiyo maana udongo unakubali umbo na kubaki nalo, wakati mchanga wa ufukweni ukikauka unabomoka wenyewe.

Kuna jambo jingine linalotokana na huo ubapa: visahani vikisukumwa upande mmoja vinajipanga kufuata upande huo. Wafinyanzi husema udongo una kumbukumbu. Ukikunja kipande kwa bahati mbaya kisha ukakinyoosha, kitakaa sawa ukikiangalia, lakini kikikauka na kuingia motoni kinaweza kurudi kupinda kidogo vilevile ulivyokikunja. Huo mkunjo ulibaki ndani, kwenye mpangilio wa visahani, ingawa macho hayakuuona.

Odundo hatumii gurudumu. Huanza na bonge, hulitoboa na kulivuta kuta zake juu kwa vidole, kisha huongeza vipande virefu vya udongo kama kamba, mzunguko juu ya mzunguko, akiviunga na kuvikwangua mpaka maungio yapotee. Kila alama ya kidole inapanga visahani upya. Chungu kikishakauka nusu, kikawa kigumu kama ngozi ya kiatu lakini bado kina unyevu, kinakuja kile kitendo ambacho bibi zetu wengi wanakijua: kusugua kwa kokoto laini.

Ukisugua hukwangui udongo kuuondoa. Unavilaza visahani vya juu vyote chali, bega kwa bega. Kabla ya hapo vimesimama hovyo hovyo, kila kimoja kinarusha mwanga upande wake, nawe unaona uso mfu. Vikishalala, vinarudisha mwanga kwa pamoja kama kioo. Mng'ao wa vyungu vya Odundo ni huo. Anausaidia kwa kupaka kwanza uji mwepesi wa udongo uliochujwa sana. Unakoroga udongo kwenye maji mengi, unauacha utulie, chembe nzito zinazama, unachukua zile za juu ambazo hazijapata muda wa kuzama, yaani visahani vidogo kupita vyote. Vikilala hivyo, ziwa linatulia kabisa.

Moto haumjui msomi

Hapa ndipo nilipopigwa mwereka mimi.

Utafiti wangu wa uzamili ulihusu vichujio vya maji vya udongo. Nilitakiwa kutengeneza vibao vidogo vya majaribio, nivichome kwenye tanuri la umeme, nipime kasi ya maji kupita. Nikauchuja udongo wangu mpaka ukawa safi kama unga wa ngano, nikafinyanga, nikakausha siku mbili, nikachoma. Zaidi ya nusu vilitoka vimepasuka. Viwili vililipuka kabisa na kuniharibia majirani zao. Nikarudia. Tena. Miezi minne ikaisha hivyo, na msimamizi wangu akaanza kuniuliza kwa upole ule unaotisha kuliko ukali.

Tuangalie kinachotokea ndani ya tanuri, ili uone kwa nini chungu kizima kutoka motoni si jambo la kawaida.

Mpaka nyuzi joto 100 hivi, maji yaliyobaki kati ya visahani yanageuka mvuke. Maji yakigeuka mvuke yanachukua nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile yaliyokuwa nayo. Kijiko kimoja cha chai cha maji kinadai lita nane za nafasi, na hiyo nafasi haipo. Ukuta ukiwa mzito na moto ukipanda haraka, mvuke unajitafutia njia wenyewe. Hiyo ndiyo milipuko yangu.

Kati ya nyuzi 450 na 600 hivi yanatoka maji ya aina nyingine, yale yaliyofungwa ndani ya madini yenyewe. Kila kilo moja ya kaolini safi hupoteza karibu gramu 140. Hapa kuna mpaka ambao haurudiki nyuma. Chungu kibichi kilichokauka ukikitumbukiza kwenye ndoo kinarudi tope, unaweza kukifinyanga upya. Kikishapita hapa, hata ukikiloweka mwaka mzima hakiwi tope tena. Madini yamekuwa kitu kingine.

Halafu kuna nyuzi 573. Ni namba ya kukariri. Kwenye joto hilo fuwele za kwatzi, zile punje ngumu zinazong'aa kwenye mchanga, hubadilisha mpangilio wa atomu zake na kuvimba ghafla. Chungu kikipoa na kushuka kupita hapohapo, zinasinyaa ghafla. Ukifungua tanuri mapema kwa sababu una haraka ya kuona matokeo, utasikia "ti!" moja ndogo kali. Usihangaike kutafuta ni kipi, utakiona tu.

Na juu ya yote hayo, udongo husinyaa. Unasinyaa ukikauka, unasinyaa tena ukiungua. Shingo nyembamba inakauka kabla ya tumbo nene, sehemu moja inavuta na nyingine bado imeshikilia. Chungu chenye umbo la kawaida kina shida hii. Sasa fikiria chenye shingo iliyopinda, mdomo uliosambaa kama sahani na vitone vidogo vilivyobandikwa ubavuni, kama vya Odundo.

Basi likizo ile nikaenda kijijini kwa rafiki yangu, kupumzika tu. Nyuma ya nyumba yao alikuwa akiishi bibi mfinyanzi. Nikaenda kumwamkia, na kwa kuwa nilikuwa na kibao changu kimoja kilichopasuka kwenye begi (usiniulize kwa nini natembea navyo), nikamwonyesha.

Akakigeuza, akakivunja kwa vidole, akautazama ule mvunjiko.

"Udongo huu umeuchanganya na nini, mjukuu wangu?"

"Sijauchanganya, bibi. Ni udongo safi, nimeuchuja vizuri."

Akacheka. "Ndiyo maana. Udongo mtupu haukubali moto."

Akanionyesha beseni lenye vigae, vipande vya vyungu vyake vya zamani vilivyovunjika, na kinu cha kuvitwangia. Anavitwanga vikawa chenga, anachanganya kwenye udongo mbichi. Nikamuuliza kipimo. Akachota viganja, akasema inategemea udongo umetoka upande gani wa mto.

Fikiria kidogo hiyo akili. Kigae kimeshaungua, kwa hiyo hakisinyai tena, kinapunguza msinyao wa chungu chote. Chenga zake zinaacha vinjia vidogo ambavyo mvuke unatokea bila kulipua. Na ufa ukianza kukimbia ndani ya ukuta, ukifika kwenye chenga unalazimika kukunja kona, unachoka. Ndiyo maana chungu chake kinaweza kuchomwa kwa kuni na nyasi uwanjani, ambako joto linapanda mamia ya nyuzi ndani ya dakika chache, wakati kibao changu kilishindwa kwenye tanuri linaloongozwa na kompyuta. Wafinyanzi wa sehemu nyingi za Afrika wanajua hili, kila mmoja kwa njia yake: vigae hapa, mchanga pale. Wanawake wa Kikisi, ambao vyungu vyao vyepesi vinauzwa pwani ya Ziwa Nyasa upande wa Matema na Kyela, wana udongo wao na mbinu zao.

Nilirudi chuoni, nikatwanga vibao vyangu vyote vilivyopasuka, nikavichanganya na udongo mpya. Vikatoka vizima, karibu vyote.

Na sasa lile deni. Nilipoandika tasnifu, sentensi ya kuongeza vigae ilihitaji marejeo. Nikatafuta makala ya watafiti wa nje, nikaiweka. Bibi nilimwingiza kwenye ukurasa wa shukrani, ndani ya maneno "wanakijiji walionisaidia". Kanuni za kuandika hazikunizuia kumtaja jina. Sikufikiria tu kwamba alichonipa kilikuwa ni maarifa ya kutajwa.

Kumbe mambo haya yanaweza kwenda tofauti. Odundo, katikati ya miaka ya 1970, alikwenda Nigeria kwenye kituo cha ufinyanzi cha Abuja, kilichoanzishwa na Mwingereza Michael Cardew ili kufundisha gurudumu na vyungu vya kuchomwa kwa joto la juu. Aliyewavutia watu wengi pale alikuwa mama aliyekuja na utaalamu wake kutoka kijijini, Ladi Kwali, aliyefinyanga mitungi mikubwa kwa mkono huku akiizunguka yeye mwenyewe, na kuichora wanyama. Mitungi yake ilionyeshwa London, jina lake likiwa pembeni. Leo picha yake iko nyuma ya noti ya naira 20.

Mwekundu na mweusi

Turudi kwenye rangi, kwa sababu hapa kuna sehemu ninayoipenda kuliko zote.

Kile chungu chekundu cha Odundo na kile cheusi vinaweza kuwa vimetoka kwenye udongo mmoja na kupakwa uji uleule. Hakuna rangi iliyoongezwa. Tofauti ni hewa tu.

Udongo wake una chuma. Ukichomwa kwenye hewa ya kutosha, chuma kinakamata oksijeni yote kinayoitaka na kuwa oksaidi nyekundu inayoitwa hematiti, ndugu wa kutu. Chungu kinatoka chekundu. Huo ni moto wa kwanza.

Sasa kirudishe motoni, lakini safari hii kifunike pamoja na vitu vya kuungua kama vipande vya mbao, na uzibe hewa. Moto bado una njaa ya oksijeni na haipati nje. Gesi ya kaboni monoksaidi iliyojaa mle ndani inakwenda kuinyang'anya kwenye chuma cha chungu. Hematiti ikipoteza sehemu ya oksijeni yake inageuka magnetiti, ambayo ni nyeusi. Wakati huohuo moshi unapenya kwenye vitundu vya udongo na kuacha kaboni, yaani masizi laini, ndani kabisa ya ngozi ya chungu. Weusi unaouona ni wa hao wawili.

Ukikichoma tena kwenye hewa safi, kaboni inaungua inaondoka, chuma kinarudishiwa oksijeni, chungu kinarudi chekundu. Na hewa ikiingia mahali pamoja tu wakati wa moto wa pili, utapata wingu la machungwa kwenye uso mweusi. Baadhi ya vyungu vya Odundo vina mawingu hayo. Mwingine angesema kasoro.

Mbinu hii si ya mtu mmoja. Odundo alisafiri pia mpaka San Ildefonso, kijiji cha Wahindi Wekundu kule New Mexico, kutazama vyungu vyeusi vinavyofanywa pale. Huko moto hufunikwa kwa samadi iliyosagwa. Oksijeni haijali umeizuia kwa mbao za Uingereza au samadi ya New Mexico.

Jambo moja tu: mng'ao wa kusugua hauvumilii joto kali. Ukipanda kupita nyuzi 1,000 hivi, visahani vilivyolala vinaanza kusinyaa na kupinda, na kioo chako kinakufa. Kwa hiyo chungu cha namna hii kinabaki chenye vitundu, hakiwi kama kikombe cha kaure. Unachagua: ugumu au ule mng'ao.

Sasa geukia ukutani

Penseli. Watu wengi bado wanaiita ya risasi, lakini ndani hamna risasi hata chembe. Mna grafaiti, ambayo ni kaboni, na mna kitu kingine ambacho mwenzangu wa fizikia hakukijua nilipomwambia: udongo wa mfinyanzi.

Zamani penseli zilikatwa moja kwa moja kutoka kwenye grafaiti safi ya Borrowdale, kaskazini mwa Uingereza. Miaka ya 1790 Ufaransa ikawa vitani na Uingereza, ikakosa mali hiyo. Nicolas-Jacques Conté akapewa kazi ya kutafuta mbadala. Mwaka 1795 alipata hati ya uvumbuzi: saga grafaiti iwe unga, changanya na udongo na maji, viringisha vijiti vyembamba, kausha, choma kwenye tanuri. Umeona? Alikuwa anafinyanga. Kila penseli uliyowahi kutafuna shuleni ina kijiti cha ufinyanzi ndani yake.

Udongo ukizidi, kijiti kinakuwa kigumu na mstari mwembamba wa kijivu. Hizo ni penseli za herufi H. Grafaiti ikizidi, kijiti ni laini na cheusi. Hizo ni B. Ile HB ya mtihani ina takribani theluthi mbili ya grafaiti na robo hivi ya udongo, iliyobaki ni nta. Anayechora uso wa mzee na kila kunyanzi lake anabadilisha penseli kama fundi anavyobadilisha patasi: H kwa unywele, 6B kwa kivuli cha chini ya kidevu.

Na grafaiti nayo ni visahani! Atomu zake za kaboni zimepangwa katika matabaka bapa yenye pembe sita sita, imara sana ndani ya tabaka lakini yakishikana kwa udhaifu tabaka kwa tabaka. Ukiburuta penseli, nyuzi za karatasi zinafanya kazi kama tupa, zinakwangua matabaka na kuyabakiza mabondeni mwao. Mwaka 2004 kule Manchester, Andre Geim na Konstantin Novoselov walitumia selotepu kubandua grafaiti mpaka wakabaki na tabaka la unene wa atomu moja, wakapata Tuzo ya Nobel mwaka 2010. (Grafaiti yenyewe tunayo, Mahenge na Ruangwa zina akiba kubwa. Ila penseli bado tunanunua.)

Jaribu hili sasa hivi. Chukua 4B, paka eneo dogo la karatasi kwa kukandamiza, rudia mpaka pajae. Inamisha karatasi kuelekea dirishani. Panang'aa. Badala ya kuwa peusi zaidi pamekuwa pa fedha, kwa sababu umevilaza visahani vya grafaiti vyote chali, bega kwa bega. Umefanya kilekile bibi anachofanya kwa kokoto. Wachoraji wa michoro ya kina wanagombana na mng'ao huu kila siku, ndiyo maana wakitaka weusi wa usiku wengi huacha penseli na kushika mkaa wa kuchorea. Kaboni ya mkaa haina mpangilio wa matabaka marefu, haina cha kulala. Inameza mwanga tu.

Halafu kuna zile taa. Pale kwenye maonyesho vyungu vilimulikwa vizuri lakini michoro ilikuwa kwenye mwanga hafifu, na mwenzangu alidhani balbu zimeungua. Makumbusho mengi huweka kazi za karatasi kwenye luksi 50 hivi, kwa sababu mwanga huharibu karatasi kidogo kidogo, na madhara yanajumlishwa. Jua kali la mchana linafika luksi 100,000. Kwa kiasi cha mwanga peke yake, saa moja juani ni sawa na siku 250 za maonyesho ya saa nane kwa siku, na hapo sijagusa miale ya urujuanimno. Kaboni ya penseli haichuji. Inayozeeka ni karatasi chini yake. Chungu kimeshapita kwenye mwanga na joto kali kuliko taa yoyote ya ukumbini. Kinachokitisha ni kiwiko cha mgeni.

Mwezi wa tano nilirudi kule kijijini. Nilibeba nakala ya tasnifu, na kwenye ule ukurasa wa shukrani nilikuwa nimeandika jina lake kwa mkono, kwa kalamu, kwa kuwa zile za maktaba haziwezi kubadilishwa tena. Aliipokea, akapima uzito wake, akaniuliza ina kurasa ngapi. Kisha nikamwonyesha kwenye simu picha ya chungu cheusi cha Odundo, chenye tumbo kubwa na shingo iliyopinda. Akavuta picha kwa vidole viwili, akaikuza, akasogea kwenye kivuli aione vizuri. Nikangoja aniambie ni kizuri.

"Hapa," akasema, akigusa pale shingo inapoanzia. "Hapa aliacha kikauke siku ngapi kabla hajapandisha juu?"

Nikasema sijui. Akanitazama kama ninavyowatazama wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanaokuja maabara bila daftari.

"Muulize," akasema.